Nani anaamua? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uongozi wa miradi ya programu huria

Majibu haya ni ya vikundi vya Lubumbashi vinavyoandika programu huria au vinavyotaka kuchangia miradi ya nje: wanafunzi wa Kasapa (kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi), mafundi wa mashini wa mjini, watu wa afya wanaojaza DHIS2 (mfumo wa takwimu za afya) kila mwezi bila kujua nani anaiamulia. Karibu yote yanarudi kwenye jambo moja: nani ana funguo, nani anaweza kusema hapana, na hayo yameandikwa wapi.

Programu ikiwa huria, si kila mtu ana haki ya kuamua?

Hapana. Leseni huria inakupa haki nne: kutumia programu kwa kazi yoyote, kusoma msimbo wake (maandishi yanayoiunda), kuubadilisha, na kusambaza nakala, iwe ya asili au uliyoibadilisha. Haikupi haki ya kuingiza badiliko lako kwenye ghala la wenyewe, yaani mahali msimbo rasmi unapotunzwa. Ni kama ramani ya nyumba. Umepewa, nenda ujenge kwenye lupango wako, ongeza chumba, geuza mlango. Ramani hiyo haikuruhusu kwenda kuvunja ukuta kwenye lupango wa jirani.

Tazama SQLite, hifadhidata ndogo iliyomo ndani ya karibu kila simu. Msimbo wake umeachwa kuwa mali ya umma, mtu hahitaji hata leseni. Lakini wanaouandika ni wachache na hawapokei mabadiliko ya watu wa nje. Programu ni huria kabisa, na mlango wa ghala umefungwa.

DHIS2, ambayo Kongo inaitumia kukusanya takwimu za afya, iko katikati. Msimbo wa kati unatunzwa na kituo cha HISP cha Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Mtu wa Lubumbashi anaweza kufungua tiketi (ombi au taarifa ya kasoro) au kutuma badiliko, kisha anasubiri uamuzi wao. Njia fupi ni kuandika aplikesheni inayokaa juu ya DHIS2: hiyo ni yako, huombi ruhusa ya mtu.

Basi kwenye miradi mikubwa nani ana neno la mwisho?

Kila mradi na desturi yake. Hii minne ndiyo inayoigwa zaidi.

Linux, kiini kinachoendesha seva na simu nyingi, ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na mpaka leo yeye ndiye anayeunganisha mwishoni. Hasomi kila mstari; hawezi. Kazi imegawanywa kwa sehemu, na kila sehemu ina mtunzaji wake aliyeandikwa kwenye faili linaloitwa MAINTAINERS. Badiliko lako la kadi ya mtandao linaenda kwa mtunzaji wa kadi hiyo, kutoka hapo kwa mtunzaji wa mtandao, ndipo linafika kwa Torvalds. Toleo jipya hutoka kila wiki 9 au 10. Wiki 2 za kwanza ni za kupokea mambo mapya, zilizobaki ni za kusahihisha tu. Ukileta kitu kipya wiki ya tatu utaambiwa ungoje zamu ijayo, hata kiwe kizuri namna gani. Wengi huchukulia jibu hilo kama dharau, kumbe ni kalenda.

Python, lugha ya kuandikia programu, ilikuwa na mtu mmoja mwenye neno la mwisho, Guido van Rossum. Julai 2018, baada ya ubishi mrefu juu ya pendekezo lililoitwa PEP 572, aliachia nafasi hiyo bila kuteua mrithi. Waandishi wa msingi walitumia miezi iliyobaki ya mwaka huo kubishania namna ya kutawala, na Desemba wakapiga kura: baraza la watu 5, linalochaguliwa upya baada ya kila toleo kubwa, wasizidi 2 kutoka kwa mwajiri mmoja. Theluthi mbili ya kura zinatosha kuliondoa. Jambo la kuangalia hapo si baraza, ni miezi ile: lugha inayotumiwa dunia nzima ilikaa bila mtu wa kukata neno kwa sababu swali la mrithi halikuwa limeandikwa popote.

Debian, mmoja wa mifumo iliyojengwa juu ya Linux, ina katiba tangu 1998. Ina wanachama takriban elfu moja wenye kura, na kiongozi anachaguliwa kila mwaka. Mpiga kura hachagui mtu mmoja, anawapanga wagombea wote kwa mfuatano anaoupenda, na kwenye karatasi kuna daima chaguo la "hakuna kati ya hawa". Mgombea asiyeshinda chaguo hilo hapiti, hata akiwa peke yake.

Apache ni shirika lenye miradi mingi, lililosajiliwa Marekani mwaka 1999. Juu kuna bodi ya watu 9, chini kila mradi una kamati yake. Nafasi anapewa mtu kwa kazi yake, si kampuni yake. Ukibadilisha mwajiri unaondoka na nafasi yako mfukoni.

Kwa kikundi kidogo, chukueni desturi za kura za Apache na faili la watunzaji la Linux. Katiba ya Debian ni nzuri, lakini kwa watu watano ni koti la mtu mzima kwa mtoto.

Sisi ni watu wanne tu. Kweli tunahitaji kamati, rais na sekretere?

Hapana, na hapo ndipo vikundi vingi vya kwetu vinapotea. Tukikutana watu wanne, kitu cha kwanza ni kugawana vyeo: rais, makamu, sekretere, mtunza kesi (mfuko wa pesa). Miezi miwili baadaye kuna vyeo sita na hakuna toleo hata moja. Mradi wa msimbo unahitaji ukurasa mmoja wa maneno, uwekwe ghalani pamoja na msimbo, katika faili lenye jina GOVERNANCE.md. Tuseme mnaandika programu ya kuhesabu stoki ya dawa kwa vituo vya afya. Ukurasa wenu unaweza kusema hivi:

"Watunzaji ni wanne, majina yako chini. Badiliko lolote linapitishwa na mtunzaji asiyeliandika. Badiliko linalogusa umbo la data, leseni au jina la mradi linahitaji watunzaji wote, na linangoja saa 72. Mtunzaji asiyeonekana miezi 6 anahamishiwa kwenye orodha ya waliopumzika. Mchangiaji mwenye mabadiliko 10 yaliyoingia, na aliyekagua 5 ya wenzake, anaweza kupendekezwa kuwa mtunzaji. Tusipoelewana ndani ya siku 14 tunapiga kura. Kura zikilingana, badiliko haliingii."

Kila sentensi hapo inazuia ugomvi fulani. Saa 72 zinampa nafasi aliyekatikiwa umeme siku mbili asikute mambo yamekwisha. Umbo la data limetajwa peke yake kwa sababu kuharibu safu moja ya jedwali la dawa kunavunja kazi ya kila kituo kilichokwisha kusakinisha, wakati rangi ya kitufe hairudishi mtu nyuma. Kanuni ya miezi 6 inamwondoa mtu bila kumfukuza, kwa hiyo hakuna anayehitaji kuwa na ujasiri wa kumwambia rafiki yake kwamba hafanyi kazi. Na sentensi ya mwisho ndiyo wanaoisahau wengi: mkiwa wanne, kura mbili kwa mbili si ajabu hata kidogo. Amueni mapema sare ina maana gani.

Mstari mmoja zaidi, wa hapa kwetu hasa: mwanzilishi naye anakaguliwa. Pale ambapo mwanafunzi yuko na asistenti au profesa katika ghala moja, mwanafunzi hatasema "msimbo huu una kasoro, Profesa" isipokuwa kanuni imemlazimisha kusema. Mwekeeni kanuni, mumtoe aibuni. Na seva iisimamie: katika mipangilio ya tawi kuu (msimbo rasmi ambao wote wanautumia), zuia mtu yeyote, akiwemo mwenye ghala, kusukuma msimbo moja kwa moja bila idhini ya mwingine.

Mafaili gani yawepo siku ya kwanza?

README (programu inafanya nini, inasakinishwa vipi), LICENSE, CONTRIBUTING (namna ya kutuma badiliko), SECURITY (kasoro ya usalama ipelekwe wapi), na ule ukurasa wa uongozi. Faili la kanuni za mwenendo mnaweza kulichukua tayari kutoka Contributor Covenant, ila msiweke kabla hamjaamua nani atapokea malalamiko. Anwani isiyosomwa na mtu ni mbaya kuliko kutokuwa na anwani.

Msisahau orodha ya watunzaji kwa sehemu. Linux inaandika hali ya kila sehemu: inalipiwa, inatunzwa, inatengenezwa mara mojamoja, au ni yatima. Neno "yatima" kwenye orodha lina kazi kubwa. Mgeni akiona sehemu ya ripoti za kuchapisha haina mwenyewe, anajua mahali pa kuingilia.

Leseni inahusianaje na uongozi? Si jambo la sheria tu?

Inahusiana sana, kwa sababu ya swali hili: nani anaweza kuibadilisha kesho? Msimbo usio na leseni si huria, hata ukiwa wazi kwenye intaneti. Haki zote zinabaki kwa aliyeuandika. Na kila anayechangia anabaki mwenye haki ya mistari yake, isipokuwa ametia saini karatasi ya kuihamisha.

Karatasi ambazo mchangiaji hutakiwa kutia saini ni za aina mbili. Ya kwanza ni mkataba wa mchangiaji, unaoipa kampuni au shirika haki pana juu ya kazi yako, mara nyingi pamoja na haki ya kuitoa tena kwa leseni nyingine. Ya pili ni tamko la asili ambalo Linux ililianzisha mwaka 2004: unaongeza mstari wa "Signed-off-by" wenye jina lako na barua pepe, ukithibitisha kwamba una haki ya kutoa msimbo huo. Amri yake katika Git, programu inayotunza historia ya msimbo, ni `git commit -s`. Haihamishi kitu.

Tofauti hiyo ilionekana wazi mwaka 2023, kampuni yenye Terraform, programu ya kuandaa seva, ilipoitoa kwenye leseni huria. Iliweza kwa sababu haki zilikuwa zimekusanyika kwake. Watumiaji wakachukua toleo la mwisho lililokuwa huria, wakaanzisha OpenTofu. Hifadhidata ya Redis nayo ikaacha leseni huria Machi 2024, na nakala yake huria, Valkey, ikazaliwa mwezi huohuo. Kwa Linux haiwezekani: wenye haki ni maelfu, wengine wamekwisha kufa, huwezi kuwakusanya wote waseme ndiyo. Ukitaka kujua mradi utakuwa wa nani miaka mitano ijayo, usisome ahadi za ukurasa wa kwanza. Soma karatasi wanayokutaka utie saini.

Kwa anayetaka maandishi ya Kifaransa ambayo mwanasheria wa hapa atayasoma bila mkalimani, ipo leseni ya CeCILL, iliyotungwa mwaka 2004 na taasisi tatu za utafiti za Ufaransa, nayo inaendana na GPL, leseni huria inayojulikana sana. Tahadhari moja: inataja sheria ya Ufaransa. Kwa programu ndogo, MIT au GPL zinatosha na kila mtu anazijua.

Badiliko langu linapita wapi mpaka liingie?

Kwanza tiketi, kama jambo si dogo. Andika unachotaka kurekebisha kabla ya kuandika msimbo. Miradi mingi inakataa kazi nzuri kwa sababu tu haikuombwa, na wewe umekwisha kumaliza mega (bando la intaneti) na wiki nzima. Ukipata "sawa, endelea", tengeneza tawi lako, andika badiliko dogo linalofanya jambo moja. Mistari 50 inakaguliwa leo, mistari 2000 inakaguliwa hakuna siku. Usichanganye kurekebisha kasoro na kupanga upya nafasi za mistari: mkaguzi ataona mistari 400 nyekundu na kijani, na kasoro yenyewe iko katika mitatu.

Ujumbe wa badiliko useme kwa nini, maana nini kimebadilika kinaonekana. "Nimerekebisha stoki" hausaidii. Linganisha na huu: "Zuia stoki kushuka chini ya sifuri. Watu wawili wakitoa dawa ileile kwa pamoja, hesabu ilisomwa kabla haijaandikwa. Sasa jedwali linafungwa wakati wa kuandika." Baada ya miaka miwili mtu atausoma na kuelewa, hata kama wewe umeshahamia Kolwezi.

Halafu majaribio ya mashini yanakimbia yenyewe, na mtunzaji anakagua. Akiomba mabadiliko, jibu kila hoja, hata kwa "nimefanya". Akisema hapana, omba sababu mara moja. Usiulize mara ya pili kwa mtu mwingine wa mradi uleule, wanaongea.

Limekaa wiki tatu bila jibu. Wamenidharau?

Pengine mtunzaji ni mmoja, na anafanya kazi hiyo usiku. Baada ya siku 7 hadi 10 andika mstari mmoja wa adabu. Baada ya mwezi, angalia kama kuna mabadiliko mengine yaliyoingia karibuni. Yakiwa yanaingia, lako lina tatizo ambalo hujaambiwa, na mara nyingi ni ukubwa. Yasipoingia, mradi umelala.

Tunapigaje kura bila kugombana?

Mara nyingi msipige. Desturi ya Apache ni kwamba anayenyamaza amekubali: unatangaza "nitafanya hivi", unangoja saa 72, asipojitokeza mpinzani unaendelea. Kura rasmi zinaandikwa +1 (ndiyo), 0 (sina upande) na -1 (hapana). Kwenye msimbo, -1 moja ya mwenye haki inazuia badiliko, ila lazima aeleze sababu ya kiufundi, "siipendi" haihesabiki. Kwenye kutoa toleo ni tofauti: zinahitajika +1 tatu za wanakamati, na ziwe nyingi kuliko -1, na hakuna mtu mmoja anayeweza kuzuia. Mpango huo una akili. Msimbo mbaya ukiingia unakaa miaka, kwa hiyo mmoja anatosha kuusimamisha. Toleo likizuiwa na mmoja kila mara, watumiaji hawapati kitu.

Kura ifanyike kwa maandishi, mahali panapobaki. Kikundi cha WhatsApp si mahali hapo: ujumbe unazama, simu inaibiwa, na aliyeingia leo haoni ya jana. Jadilini huko mkitaka, lakini uamuzi unakiliwe kwenye tiketi siku hiyohiyo, na majina ya waliokubali.

Tuna delestaji (umeme kukatwa kwa zamu), na mega ni ghali. Tutashirikije?

Kazi hii haihitaji uwe mtandaoni saa zote, ndiyo maana Git iliandikwa jinsi ilivyo. Yanayoumiza ni haya.

Kunakili ghala kubwa kwa mara ya kwanza: `git clone` ikikatika katikati haiendelei ilipoishia, inaanza upya, na mega zako zimekwisha. Anza na `git clone --depth 1`, inayoleta hali ya leo bila historia, kisha ongeza historia vipandevipande kwa `git fetch --deepen=100`. Kila kipande kilichofika kamili kimefika.

Mkiwa watu kumi mtaa mmoja, mmoja apakue, atengeneze faili moja kwa `git bundle create mradi.bundle --all`, liende kwenye flashi. Wengine wananakili kutoka kwenye faili hilo kama vile ni seva. Ghala la Linux linazidi giga moja. Hesabuni wenyewe bei ya kulipakua mara kumi.

Mikutano: Lubumbashi iko saa 2 mbele ya UTC, saa ya kimataifa, mwaka mzima. Ulaya hubadilisha saa mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba. Mkutano wa saa 16:00 za Paris ni 16:00 kwetu majira yao ya joto, na 17:00 majira ya baridi. Omba mradi uandike saa kwa UTC, na uamuzi wowote wa mkutano usiwe wa mwisho mpaka umeandikwa na kungoja zile saa 72.

Funguo za mradi ziwe kwa nani?

Fanyeni zoezi hili leo, linachukua nusu saa. Andikeni kila kitu kinachofungwa kwa neno la siri: ghala, jina la tovuti, seva, akaunti ya kutoa matoleo, barua pepe ya mradi, ukurasa wa Facebook. Mbele ya kila kimoja andikeni nani anaweza kukifungua. Mahali penye jina moja ni mahali mradi unapoweza kufa. Wanaofanya kazi hii huuliza: ni watu wangapi wakigongwa na basi, mradi usimame? Jibu likiwa 1, rekebisheni kabla ya kuandika msimbo mwingine.

Yanayoharibika zaidi ni mawili. Jina la tovuti lililonunuliwa kwa kadi ya mtu mmoja, muda ukaisha, tangazo likaenda kwenye barua pepe asiyoifungua tena. Na uthibitisho wa hatua mbili uliofungwa kwenye laini ya simu: simu imeibiwa, laini imekwenda, akaunti imefungika. Dawa ya la kwanza ni kulipia miaka kadhaa na kuweka barua pepe ya kikundi. Dawa ya la pili ni kuchapisha zile namba za akiba za kufungulia akaunti kwenye karatasi, nakala mbili, nyumba mbili, tuseme moja Katuba na nyingine Kampemba.

Lakini usimpe ufunguo kila anayeuomba kwa bidii. Mwaka 2024, programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz ilikutwa na mlango wa siri kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Mtunzaji alikuwa mmoja, amechoka. Akaunti moja ilimsaidia kwa zaidi ya miaka miwili, akaunti nyingine zisizojulikana zikawa zinamlalamikia kwamba mradi unakwenda polepole, mpaka akampa msaidizi yule haki ya kutoa matoleo. Mhandisi Andres Freund aligundua kwa sababu kuingia kwenye seva kwa SSH kulichelewa kama nusu sekunde, naye akataka kujua kwa nini. Ufunguo wa wizi ulikuwa umefichwa kwenye kifurushi cha toleo, haumo wote kwenye ghala la msimbo. Kwa hiyo kanuni mbili: anayetoa toleo na anayelihakiki wawe watu tofauti, na kifurushi kitengenezwe upya kutoka ghalani kikalinganishwe. Na mtu anayekusukuma umpe haki haraka, mngojeshe.

Tumepewa pesa. Zipokelewe vipi?

Zisiingie kwenye mobile money ya mtu mmoja. Hata akiwa mwaminifu, mwaka wa pili hatakumbuka hesabu, na watu wataanza kunong'ona. Njia ya kwanza ni kujiunga na shirika mwenyeji linalopokea pesa kwa niaba ya miradi, linalipa matumizi kwa risiti na kutoza sehemu: Software in the Public Interest hukata asilimia 5, Software Freedom Conservancy asilimia 10. Wanachagua miradi, hawachukui kila mtu. Ya pili ni asbl (shirika lisilo la faida) ya Kikongo, chini ya sheria namba 004/2001 ya 20 Julai 2001. Haki ya kuwa mtu wa kisheria inatolewa na waziri wa sheria. Inachukua muda na makaratasi, kwa hiyo isiwe hatua ya kwanza ya mradi ambao haujatoa hata toleo 0.1.

Tenganisheni kesi ya pesa na msimbo. Anayetoa pesa asipewe kura ya kiufundi kwa sababu ya pesa. Na andikeni matumizi kama likelemba (mchezo wa kuchangiana pesa) nzuri inavyofanya: mbele ya wote, kila mwezi, nani ametoa, nani amepokea.

Kampuni moja imeleta waandishi watatu wa kulipwa. Ni baraka au hatari?

Zote mbili. Watafanya kwa mwezi mlichofanya kwa mwaka, na siku mkurugenzi wao akibadili mawazo wataondoka wote asubuhi moja. Igeni Python: wekeni kikomo cha watunzaji wa mwajiri mmoja. Na maamuzi yao yafanyike mahali penu, si kwenye mkutano wa ofisi yao.

Mtu anawatukana wenzake lakini msimbo wake ni mzuri.

Hesabu walioondoka kwa sababu yake, si mistari aliyoandika. Anaonywa faraghani na watu wawili, kwa maandishi, tabia itajwe na si nafsi yake. Mara ya pili anasimamishwa kwa siku zinazojulikana. Mlalamikaji asitajwe hadharani. Kama mlalamikiwa ni mmoja wa wapokea malalamiko, kuwe na anwani ya pili. Hilo ndilo tundu linalosahaulika karibu kila mara.

Ni lini kujitenga ni halali?

Kisheria, wakati wowote, leseni inaruhusu. Kiakili, pale ambapo mmejaribu kuongea na mwenye ghala hasikii, na waandishi walio wengi wako tayari kuhama. Septemba 2010 waandishi wengi wa OpenOffice, programu ya ofisi, walitoka na kuanzisha LibreOffice kwa kutoiamini kampuni iliyokuwa imeimiliki. Leo LibreOffice ndiyo iliyo kwenye mashini nyingi za mezani za Linux. Node.js, jukwaa la kuandikia programu za seva, nayo iligawanyika mwishoni mwa 2014, wenzao wakaunda io.js wakidai uongozi wa wazi. Mwaka 2015 pande mbili zikaungana tena chini ya shirika jipya, na kanuni walizozidai waliotoka ndizo zilizobaki.

Aliyejitenga peke yake kwa hasira huwa na ghala lenye toleo moja. Kumbuka pia kwamba jina la mradi halimo kwenye leseni ya msimbo. Ukiondoka, tafuta jina jingine.

Nimeona kasoro ya usalama. Nifungue tiketi?

Usifungue tiketi ya wazi. Soma faili la SECURITY, tuma faraghani, eleza hatua za kuirudia. Muda wa kawaida wa kusubiri kabla ya kutangaza ni siku 90. Kwa wasambazaji wa Linux, kama Debian, orodha yao ya siri ya barua pepe inashikilia jambo siku 14 kwa wingi. Ukiwa mtunzaji, jibu ndani ya siku 2 hadi 3 hata kwa "tumepokea". Anayekaa kimya ndiye anayekuta kasoro yake imetangazwa.

Tuandike kwa lugha gani?

Majina ndani ya msimbo kwa Kiingereza, ili mgeni aweze kusaidia. README iwe kwa Kifaransa na Kiswahili mkitaka watu wa vituo vya afya waisome. Mjadala ufanyike kwa lugha ambayo waliopo wanabishana vizuri. Kumlazimisha mtu abishe kwa lugha asiyoimudu ni kumnyima kura. Ila uamuzi wenyewe, mistari miwili mitatu, uandikwe pia kwa lugha ya ghala.

Tumechoka. Tunafungaje mradi?

Kwa wazi. Andikeni juu kabisa ya README tarehe na sentensi moja: mradi hautunzwi tena. Tajeni mbadala kama upo. Fungeni tiketi, tieni ghala kwenye hali ya kusomwa tu, msilifute, kwa sababu kuna kituo mahali kinachoitegemea na hamkijui. Akitokea mtu wa kuurithi, mpeni kwanza miezi mitatu ya kukagua na kutuma mabadiliko, kisha haki ya kuunganisha, na mwisho kabisa haki ya kutoa matoleo. Jina la tovuti lilipieni mwaka mmoja zaidi baada ya kufunga; likiachwa, atalinunua mwingine, na watumiaji wenu wa zamani wataendelea kupakua kutoka hapo wakidhani bado ni ninyi.